Hedi Zilizofunguliwa Bure: Kisa cha Minivani Iliyokuwa Ikipoteza Maji

Mzee mwenye gari alishuka na mfuko wa plastiki mkononi. "Fundi, hizi ndizo walizotoa. Niliwaambia wasizitupe." Mfukoni mlikuwa na gasketi mbili za hedi, yaani vizibo bapa vinavyokaa chini ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), zile za chuma zenye matabaka, na kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) ya rangi ya waridi ilikuwa imekaukia kwenye matundu ya maji. Hedi zilikuwa zimefunguliwa, zikasagwa, zikarudishwa kwa gasketi mpya. Wiki tatu baadaye gari lilirudi palepale: linapoteza maji, kisha linachemsha.

Gari ni minivani ya safu tatu za viti, umri miaka 16, limetembea kilomita 231,000. Injini yake ni V6 ya lita 3.3 (silinda sita katika benki mbili, yaani safu mbili za tatu tatu) iliyokaa kwa ubavu, gia otomatiki, inavutwa na matairi ya mbele. Mzee alilinunua miezi mitano kabla ya kuja kwangu, kwa ajili ya wajukuu. Bodi safi, viti havijachanika, gia zinaingia. Kwa macho ya mnunuzi lilikuwa gari zuri, na hata leo sisemi alikosea kulinunua.

Kabla ya kufungua boneti nilizitandaza zile gasketi mezani chini ya taa. Gasketi ya hedi iliyokufa huacha alama. Pete inayozunguka tundu la silinda huungua, na mara nyingi utaona mstari mweusi umekatiza kutoka kwenye pete hadi tundu la maji, njia iliyopitiwa na moto. Nilizipitia pete zote sita kwa tochi na kidole. Zote ziling'aa. Hakuna mstari, hakuna mahali palipobadilika rangi. Nikamwomba mzee risiti. Imeandikwa "kusaga hedi, mbili", lakini hakuna kipimo chochote kinachoonyesha zilikuwa zimepinda kiasi gani, wala kama zilipinda kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba hedi za gari hili hazikuwahi kuwa na ugonjwa.

Nilimtaka anisimulie tangu mwanzo bila kuruka. Mwezi wa tatu baada ya kununua, alianza kuongeza maji, kama lita moja kwa wiki. Chini ya gari, asubuhi, sakafu kavu. Safari fupi za mjini hazikuwa na shida. Shida ilikuja gari likijaa watu na kupanda mlima mrefu. Gereji ya kwanza ilibadilisha themostati (vali inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata joto) na mfuniko wa rejeta. Ikapoa siku chache. Halafu siku moja mlimani mshale wa joto ulipanda, ukashuka wenyewe hadi kawaida, naye akashukuru Mungu na kuendelea. Dakika tano mbele injini ilipoteza nguvu na mvuke ukatoka mbele.

Kila mwenye gari la zamani anahitaji kuelewa kilichotokea kwa ule mshale. Sensa ya joto husoma vizuri ikiwa imezama majini. Maji yakipungua hadi yakaiacha wazi, inabaki kwenye hewa au mvuke, na kipimo kinaweza kushuka wakati chuma cha injini kinazidi kuwaka. Mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla bila wewe kupunguza mwendo, zima injini. Mzee hakuwa na namna ya kulijua hilo, na simlaumu hata kidogo.

Gereji ya pili ilifikiri hivi: gari linakula maji, chini hakuna matone, basi maji yanaingia kwenye silinda, basi gasketi imekufa. Mafundi wengi hufikiri hivyo, na mara nyingine ni kweli. Kosa lao ni kwamba hawakupima. Kipimo chenyewe ni chupa ndogo yenye maji ya bluu inayokaa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma. Hewa ya rejeta ikivutwa kupita kwenye yale maji, na ikiwa na moshi wa silinda ndani yake, bluu hugeuka kuwa njano. Ni kazi ya dakika kumi. Nilifanya hivyo kwenye gari la mzee: bluu ilibaki bluu. Ndiyo, sasa lilikuwa na gasketi mpya, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakithibitishi lililokuwapo kabla. Lakini ukiunganisha na zile pete zinazong'aa, na maji yanayoendelea kupotea vilevile, jibu linakaribia sana.

Kisha nikafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, nikapandisha presha hadi bar 1.1, sawa na mfuniko wake. Baada ya dakika kumi mshale wa pampu ulikuwa kwenye 0.7. Maji yanatoka mahali. Mbele kote kukavu: rejeta, hozi, pampu ya maji, hita ya mbele. Nikainua gari kwenye stendi nne na kulala chini yake na tochi.

Harufu ndiyo iliyonipeleka. Kulanti ina harufu tamu, na nilipofika usawa wa tairi la nyuma la kulia niliisikia wazi. Kuna kifuniko cha plastiki pale, ndani ya tao la tairi. Kukiondoa, nikakuta ukoko wa waridi na mweupe umetapakaa kwenye bati, kama chumvi iliyorushwa na kukauka. Mabomba mawili ya chuma yanapita hapo kutoka mbele ya gari hadi hita ya nyuma, yakiwa yameshikwa na klipu yenye mpira. Nilikata mpira kwa kisu. Chini yake chuma kilikuwa kimegeuka magamba ya kahawia. Nikagusa kwa ncha ya bisibisi, bila kusukuma, ikazama. Tundu lilikuwa dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na kwa ile presha ya pampu lilikuwa likipuliza unyunyu mwembamba ambao kwa macho ya kawaida, bila tochi kutokea pembeni, usingeuona.

Hii ndiyo sababu sakafu ilikuwa kavu. Gari likilala, presha hakuna, tundu linajifunga kwa kutu yake. Gari likienda mbali, mfumo unapanda presha, unyunyu unatoka, upepo wa chini unauchukua na bati la moto linaukausha. Mzee alikuwa akimwaga maji njia nzima bila kuacha hata tone nyumbani.

Gari dogo la kawaida halina mabomba haya. Minivani nyingi zinayo, kwa sababu abiria wa safu ya tatu wanahitaji hita yao na mara nyingi ubaridi wao. Kwa hiyo maji ya injini yanasafiri urefu wote wa gari na kurudi, na kando yake yanapita mabomba ya alumini ya gesi ya ubaridi. Yote yamening'inia mahali panaporushiwa tope, na kila klipu inashika unyevu. Chuma huozea chini ya klipu, mahali pasipoonekana. Nikikagua minivani ya zamani siku hizi, ninaanzia hapo kabla ya kuwasha injini. Wanunuzi wengi huangalia boneti na viti. Sijaona mnunuzi aliyelala chini kwenye tairi la nyuma la kulia.

Sikutaka mzee alipie dhana yangu kama alivyolipia dhana za wengine. Kwa hiyo kabla ya kununua bomba lolote, niliyatenga mabomba ya nyuma. Mbele, yanapotokea karibu na injini, niliondoa hozi mbili na kuunganisha mdomo wa kwenda na wa kurudi kwa hozi moja iliyopinda. Hita ya nyuma ikafa, lakini maji hayafiki tena kwenye lile tundu. Nikabandika utepe kwenye tanki la akiba usawa wa maji. "Mzee, tembea wiki nzima, panda na ule mlima ukiwa umejaza watu. Kila asubuhi kabla hujawasha, tazama utepe." Siku ya nane alirudi. Maji yalikuwa kwenye utepe. Sasa tulijua.

Angeweza kuishia hapo. Kwa mtu anayeishi kwenye joto na asiyehitaji hita ya nyuma, hozi ile moja ni tiba kamili na ya bei ndogo kabisa, na sioni aibu kuipendekeza. Mzee alitaka hita kwa ajili ya wajukuu, basi tulikata sehemu zilizooza hadi kufikia chuma kizima, tukapanua midomo ili hozi isichomoke, tukafunga hozi ya hita yenye nyuzi ndani na klipu mbili kila upande. Bomba jipya zima lingetaka kushusha tanki la mafuta na fremu ya nyuma. Saa za kazi zingezidi bei ya bomba mara kadhaa.

Kuna hatua moja ambayo ikirukwa kazi yote inaharibika, nayo ni kutoa hewa. Mfumo wa gari hili unabeba zaidi ya lita 10, na ile njia ndefu ya nyuma inapenda kuficha hewa. Niliinua pua ya gari, nikafungua hita zote mbili hadi joto la mwisho, nikajaza taratibu, nikaacha injini iungurume huku nikishika mabomba ya nyuma kwa mkono. Bomba la kwenda liliwaka, la kurudi likabaki baridi. Bado kuna hewa. Nikapandisha mzunguko kidogo, tanki likatoa mapovu, nikaongeza maji. Mabomba yote mawili yalipokuwa na joto sawa ndipo nilipofunga. Na tulijaza kulanti nusu kwa nusu na maji safi, si maji matupu. Mchanganyiko huo chini ya bar 1.1 hauchemki hadi karibu nyuzi 129, maji matupu bila mfuniko mzima yanachemka 100. Tena kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na ni kutu iliyotuleta hapa.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma zaidi kuliko lile tundu. Siku ileile ya kwanza taa ya injini ilikuwa ikiwaka, na kompyuta ilisoma P0303: silinda ya tatu inamisi, yaani haichomi vizuri. Kwenye injini hii silinda hiyo iko benki ya nyuma, ile iliyoegemea ukuta wa dashibodi. Ili ufikie plagi zake unatoa manifoldi ya hewa ya juu (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na hapo ndipo zinapokwenda saa nyingi za kazi. Nilipofungua, plagi za benki ya nyuma zilikuwa za zamani, ncha zimelika, mwanya umekuwa mpana. Wale waliotoa manifoldi, hedi, kila kitu, walirudisha plagi zilezile. Kisha nikatoa kifuniko cha mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa kwenda sawa na pistoni. Mkanda ulikuwa na nyufa mgongoni, tenshena (kikaza mkanda) inatokwa na oili, na pampu ya maji, ambayo kwenye injini hii inazungushwa na mkanda huohuo, ilikuwa na ukoko mkavu wa waridi chini ya tundu lake la kutolea, alama kwamba imewahi kuvuja.

Huwezi kuondoa hedi za injini hii bila kuondoa mkanda. Kwa hiyo mkanda ulikuwa mkononi mwao, wameushika, wameuona, wakaurudisha. Mkanda wa namna hii mara nyingi hupangiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hadi 160,000 au baada ya miaka kadhaa, kutegemea mtengenezaji. Ukikatika kwenye injini ambayo vali na pistoni zinaweza kukutana, hapo ndipo hedi zinapokufa kweli. Siku ile hedi zilipokuwa wazi, mkanda mpya, tenshena, pampu ya maji na plagi sita vingemgharimu mzee bei ya spea tu, kwa sababu kazi ya kufungua alikuwa ameshailipia. Kwangu alilipia kufungua mara ya pili. Hili linanikera, kwa sababu halikuhitaji ujuzi mkubwa. Lilihitaji mtu wa kumpigia simu na kumwambia, "Mzee, tumefika ndani, hivi navyo vimechoka, tubadilishe?"

Kwenye minivani yenye V6 iliyokaa kwa ubavu, spea yenyewe mara nyingi si ghali. Ghali ni kuifikia. Kila kazi kubwa ningeiandika kwa mtindo huu: tukifungua hiki, tunapita kwenye nini? Ukibadilisha pampu ya maji umeshika mkanda. Ukitoa manifoldi umezifikia plagi za nyuma, koili zake na gasketi ya kifuniko cha vali cha nyuma, ambacho kwenye gari hili nacho kilikuwa kinavujisha oili kuelekea bomba la moshi. Tulivifanya vyote siku mbili zilezile.

Mengine nitayapitia haraka. Beringi ya tairi la nyuma la kushoto ilikuwa inavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa. Nilishika springi kwa mkono huku nikizungusha tairi, mtetemo ukasikika vidoleni. Mauntingi ya mbele ya injini (mpira unaoishikilia) ilikuwa imekufa: ukiwa kwenye D na mguu kwenye breki, usukani unatikisika, ukiweka N unatulia. Breki za mbele zilikuwa zimebakia pedi nyembamba na diski zenye ukingo. Gari tupu la namna hii lina uzito wa karibu kilo 1,900, weka watu saba na mizigo yao, na breki zinachoka upesi kuliko mwenye gari anavyotarajia.

Mlango wa kuteleza wa kulia, ule wa umeme, ulikuwa unafika nusu kisha unarudi. Kebo yake ilikuwa imechanika nyuzi kadhaa karibu na kona, na roli ya katikati imelika upande mmoja. Roli nilibadilisha, kwa sababu ndiyo inayobeba mlango na mlango unaolegea haushiki kufuli vizuri. Mota na kebo tuliviacha, tukazima swichi, mlango unafunguliwa kwa mkono. Mlango huu si suala la starehe tu. Mwaka 2016 Toyota iliita gereji minivani zake za Sienna karibu 744,000 nchini Marekani kwa hofu kwamba umeme wa milango ya kuteleza ukizidiwa, mlango unaweza kubaki bila kufuli na kufunguka gari likienda. Kwa minivani yoyote, tumia namba ya chesisi kuuliza kama kuna wito wa aina hiyo ambao mwenye gari wa kwanza hakuuitikia. Kazi hizo kwa kawaida mtengenezaji huzifanya bila malipo, hata kama wewe ni mmiliki wa tatu.

Bei sitazitaja kwa fedha, zinatofautiana mno toka mahali hadi mahali. Nitaita bei aliyonunulia gari 100. Themostati, mfuniko na kusafisha rejeta: 3. Kazi ya hedi: 34. Vipimo vyangu vya siku ya kwanza: 1. Hozi ya kutenga mabomba: 1.5. Kukarabati mabomba ya nyuma na kulanti mpya: 5. Mkanda, tenshena, pampu, plagi sita na gasketi ya kifuniko cha vali, vyote pamoja: 14. Oili ya gia mara mbili: 4. Mauntingi 5, beringi 4, breki 5, roli ya mlango 2. Kabla ya kunifikia alikuwa ametumia 37. Kwangu alitumia 41.5, na ndani ya hiyo, ugonjwa aliokuja nao ulimalizwa kwa 7.5 ukihesabu na vipimo.

Ananiuliza kama anunue jingine. Nilimwambia hapana, kwa sharti moja, nalo ni giaboksi.

Oili ya gia ilitoka rangi ya kahawia, na harufu ya kuungua kidogo. Haikushangaza: kwenye gari hili kipoza oili ya gia kimo ndani ya tanki la rejeta, kwa hiyo kila injini ilipochemsha, giaboksi nayo ilipikwa. Tulichokiogopa zaidi hakikuwapo. Kipoza kikitoboka ndani, kulanti huingia kwenye oili, oili inageuka kama maziwa ya waridi, na glikoli hulegeza gundi inayoshika bitana za klachi ndani ya giaboksi. Yetu ilikuwa imechoka, haijachanganyika. Nilimwaga kinachotoka, nikajaza ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, akatembea kilomita 500, nikamwaga na kujaza tena. Sikuisukuma kwa mashine. Giaboksi za minivani hubeba mzigo mkubwa, na joto ndilo adui yao. Mwaka 2004 Honda ililazimika kuita zaidi ya magari milioni 1 nchini Marekani, Odyssey zikiwemo, kwa sababu gia ya pili ilikuwa ikipata joto kupita kiasi.

Bado gari la mzee, likishapata moto, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu mzunguko unaruka kidogo kabla gia haijashika. Baada ya oili mpya umepungua, haujaisha. Kufungua giaboksi hiyo ni si chini ya 50 kwa kipimo chetu. Tumekubaliana: kila kilomita 5,000 anapita, tunadondosha tone la oili yake kwenye karatasi nyeupe na kuandika tarehe pembeni. Karatasi iko ukutani kwangu. Hadi sasa ina madoa matatu, la kwanza la kahawia, mawili mekundu.